Dawa ya kupaka ya vitamini D kwa soriasisi: jinsi ya kuitumia, na inachofanya kwenye kinga ya ngozi

Mtu mwenye soriasisi, ugonjwa wa ngozi unaoleta mabaka yenye magamba, kabla hajafika kwa daktari wa ngozi, mara nyingi huwa ameshamaliza tyubu kadhaa za duka la dawa. Nyingi zina steroidi kali, mara nyingine iliyochanganywa na dawa ya fangasi na antibayotiki humohumo. Anapaka, ngozi inatulia siku chache, mabaka yanarudi, anapaka zaidi, na ngozi inaanza kuwa nyembamba. Siku moja daktari anamwandikia jina jipya: kalsipotrioli. Anapaka siku nne, haoni kitu, anairusha kabatini na kurudi kwenye ile ya zamani.

Kalsipotrioli ni ndugu wa vitamini D aliyetengenezwa maabara. Steroidi huishika kinga ya ngozi na kuinyamazisha upesi. Kalsipotrioli huzibadilisha seli tabia, nazo hazibadiliki kwa siku nne. Karibu kila sharti la dawa hii limetokana na hapo, kwa hiyo nitataja masharti pamoja na sababu zake. Anayejua sababu hasahau sharti.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni soriasisi

Picha nyingi za vitabuni ni za ngozi nyeupe: baka jekundu, magamba ya rangi ya fedha. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo haujitokezi hivyo. Baka huwa la zambarau, kijivu au kahawia iliyokolea, mpaka wake umejichora wazi, na juu yake kuna magamba makavu meupe. Angalia viwiko kwa nje, magoti kwa mbele, sehemu ya chini ya mgongo, mstari wa nywele, nyuma ya masikio, hata kitovuni. Usisahau kucha: vishimo vidogovidogo kana kwamba zimechomwa na ncha ya sindano, au ukucha unaoachana na nyama.

Choa huwadanganya wengi, ila chenyewe hufanya pete: ukingo umeinuka, katikati panaanza kusafika. Ukibaki na shaka, magamba hukwanguliwa kidogo na kutazamwa kwa darubini, na kipimo hicho hakihitaji hospitali kubwa. Pumu ya ngozi nayo hupenda mikunjo, yaani upande wa ndani wa kiwiko na nyuma ya goti, pale ambapo soriasisi ya kawaida haina mazoea ya kukaa.

Kuna maswali mawili ya kumuuliza daktari kabla ya dawa yoyote. La kwanza ni dawa unazotumia sasa: klorokwini, lithiamu, na dawa za presha za kundi la beta-bloka zinaweza kuiamsha soriasisi au kuizidisha. La pili ni kipimo cha VVU, hasa kama ugonjwa umelipuka ghafla na kusambaa kwa mtu mzima ambaye hakuwahi kuwa nao. Si tuhuma. VVU huvuruga kinga, na ngozi ni mahali pamojawapo ambapo vurugu hiyo hujionyesha mapema.

Hatua ya pili: soma boksi

Tafuta jina calcipotriol, mikrogramu 50 kwa gramu, au asilimia 0.005. Ukiletewa kutoka Marekani litaandikwa calcipotriene. Ni kitu kilekile. Jamaa zake ni calcitriol ya mikrogramu 3 kwa gramu, tacalcitol ya mikrogramu 4, na maxacalcitol inayotumika Japani. Ukiona calcipotriol pamoja na betamethasone, hiyo ina steroidi ndani na masharti yake ni tofauti, nitaifikia.

Angalia pia umbo. Marhamu, yaani ile yenye mafuta mazito, hufaa mabaka makavu ya mwilini. Losheni au jeli hufaa kichwani, kwa kuwa marhamu kwenye nywele ni adhabu.

Vidonge vya vitamini D havishiki nafasi ya dawa hii, na losheni za urembo zilizoandikwa "vitamini" hazihusiki kabisa. Ingawa ni kweli kwamba habari yote ilianza na dawa ya kumeza: mwaka 1985 madaktari wa Osaka, Japani, walieleza habari ya mgonjwa aliyekuwa akimeza aina ya vitamini D kwa ajili ya udhaifu wa mifupa, wakashangaa soriasisi yake inaondoka. Tatizo la njia hiyo ni kwamba kiasi kinachotosha kuibadilisha ngozi huweza kupandisha kalsiamu kwenye damu. Watengenezaji wa dawa wakatafuta molekuli inayoshika vizuri ndani ya ngozi lakini ikiingia kwenye damu inavunjwa upesi na ini. Kalsipotrioli ndiyo hiyo. Katika majaribio ya panya, nguvu yake ya kupandisha kalsiamu ilikuwa chini ya ile ya kalsitrioli (calcitriol, yaani vitamini D iliyokwisha kukamilishwa) kwa zaidi ya mara mia moja.

Bei yake ni kikwazo, sitaficha. Lakini mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kalsipotrioli kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa hiyo una haki ya kuiulizia kwenye famasi ya hospitali ya umma au kwa bima yako bila kuonekana unaomba anasa.

Kinachoendelea chini ya baka

Ngozi haipokei vitamini D kama mgeni. Yenyewe ndiyo inayoitengeneza jua linapoipiga, na seli za tabaka lake la juu, keratinosaiti, zina uwezo wa kuikamilisha vitamini hiyo papo hapo bila kungoja ini na figo. Ndiyo maana ndani ya seli hizo kuna kipokezi maalumu cha vitamini D. Kipokezi hichohicho kimo pia ndani ya seli za kinga zinazoishi kwenye ngozi au kupita hapo: seli T, seli za dendriti, makrofeji. Kalsipotrioli ikiingia hushika kipokezi hicho, viwili hivyo vinaungana na kipokezi kingine, kisha vinakaa juu ya DNA na kuamua jeni zipi zifanye kazi zaidi na zipi zipunguze. Kazi ya namna hiyo huchukua muda. Protini mpya lazima zitengenezwe, za zamani ziishe, na seli zilizokwisha kuharibika zipande juu na kupukutika.

Sasa, kwenye baka la soriasisi kuna mzunguko. Seli za dendriti hutoa kemikali ya mawasiliano iitwayo interleukini-23. Hiyo huzilisha seli T za kundi linaloitwa Th17, nazo humwaga interleukini-17 na interleukini-22. Keratinosaiti zikipata ujumbe huo huanza kuzaana kwa pupa: safari ya seli kutoka chini hadi juu, ambayo kwa kawaida huchukua kama mwezi, hukamilika kwa siku 3 hadi 5. Zinafika juu kabla hazijakomaa, hazijui kuachana, zinarundikana. Hayo ndiyo magamba unayoyakuta kwenye shuka asubuhi. Halafu keratinosaiti hizohizo hutoa protini za kuita seli nyingine za kinga, zinakuja, na mzunguko unaanza upya.

Kalsipotrioli huukata mzunguko huo sehemu zaidi ya moja. Huzipunguza keratinosaiti kasi na kuzisukuma zikomae. Hushusha psoriasini na koebnerisini, protini mbili zinazozidisha wito wa uvimbe. Seli za dendriti hubaki zimepoa, na seli T zinazotoa interleukini-17 hupungua ndani ya baka, huku zile zinazodhibiti kinga, na interleukini-10 inayotuliza, zikipata nafasi.

Kuna jambo moja ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote. Vitamini D huiamsha jeni ya kathelisidini, ambayo hutoa LL-37, peptidi (kipande kidogo cha protini) inayopigana na vijidudu. Soriasisi tayari ina LL-37 kupita kiasi. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba peptidi hiyo hujifunga kwenye DNA ya mgonjwa mwenyewe iliyotoka kwenye seli zilizokufa, na kuzifanya seli za dendriti ziione kama DNA ya virusi. Kwa hesabu hiyo dawa inayoongeza kathelisidini ingepaswa kuuchochea ugonjwa. Haiuchochei. Sehemu ya maelezo ni kwamba ndani ya keratinosaiti LL-37 hiyohiyo huweza kuifunga DNA iliyopotea njia na kuizuia isiwashe uvimbe, na sehemu nyingine ni kwamba upande wa interleukini-17 unashuka kiasi cha kufunika hasara. Kwa hiyo kusema dawa hii "inashusha kinga" ni nusu ya habari.

Nusu nyingine inaonekana wazi kwenye ugonjwa tofauti. Watafiti wakiwapaka panya kalsipotrioli, ngozi yao hutoa kemikali iitwayo TSLP na kupata hali inayofanana na pumu ya ngozi: kinga imepanda, tena upande mwingine. Watafiti wa Marekani waliitumia tabia hiyo kwa vidonda vya jua vinavyotangulia saratani. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017, watu 131 walipaka fluorourasili, dawa inayoua seli zinazoelekea saratani, nusu pamoja na kalsipotrioli na nusu pamoja na mafuta ya mgando, mara mbili kwa siku kwa siku 4 tu. Vidonda vya uso vilipungua kwa wastani wa asilimia 87.8 kwa kundi la kwanza na 26.3 kwa la pili, na seli T zilionekana zimevamia vidonda. Nimelitaja kwa sababu ndugu zetu wenye ualbino hupata vidonda vya aina hiyo mapema sana, na kliniki za ngozi huwapa fluorourasili. Hata hivyo usichanganye mwenyewe nyumbani. Ngozi huwaka vibaya kwa mchanganyiko huo, na kidonda ambacho tayari ni saratani hakitibiwi kwa tyubu.

Hatua ya tatu: ondoa magamba, lakini si kwa asidi

Dawa haivuki ukuta wa magamba. Oga kwa maji ya vuguvugu, acha ngozi ilowe, paka mafuta ya mgando, subiri nusu saa, kisha pangusa magamba yaliyolainika kwa kitambaa. Usibandue kwa kucha. Jeraha jipya kwenye ngozi yenye soriasisi huweza kuzaa baka jipya palepale.

Asidi ya salisiliki huondoa magamba vizuri sana, na huiharibu kalsipotrioli vizuri vilevile. Zikikutana kwenye ngozi, dawa yako ghali inakuwa mafuta tu. Asidi hiyo imo ndani ya vitu ambavyo hukuvidhania: marhamu ya Whitfield inayouzwa kwa ajili ya fangasi, baadhi ya steroidi, sabuni na shampuu za mba. Soma maandishi ya nyuma. Kama magamba ni manene kiasi cha kuhitaji asidi, mwombe daktari aitangulize kwa siku kadhaa, iachwe, ndipo kalsipotrioli ianze.

Hatua ya nne: pima kwa ncha ya kidole

Kamua dawa kwenye kidole cha shahada cha mtu mzima, mstari mmoja kutoka kwenye ncha hadi kwenye mkunjo wa kwanza. Hiyo ni karibu nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Sasa weka kiganja chako juu ya mabaka, uhesabu.

Tuseme una baka la kiganja kimoja kila kiwiko. Unahitaji mstari mmoja asubuhi na mmoja jioni: gramu moja kwa siku, na tyubu ya gramu 30 inakwenda mwezi. Mwenye mabaka ya viganja kumi anahitaji mistari mitano kila mara, gramu 5 kwa siku, 35 kwa wiki. Tyubu yake haifiki Jumapili. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Dawa ni ghali, basi wanaigawa kidogokidogo kwenye mwili mzima, na hakuna sehemu inayopata kiasi cha kuzibadilisha seli. Ukikosa fedha ya kutosha mabaka yote, afadhali uchague mawili yanayokusumbua zaidi uyapake ipasavyo.

Upande wa pili kuna kikomo: mtu mzima asizidishe gramu 100 kwa wiki, na asipake zaidi ya karibu asilimia 30 ya mwili. Watoto wana kikomo cha chini zaidi ambacho daktari ndiye atakayekisema. Mwenye ugonjwa wa figo, aliyewahi kuwa na kalsiamu nyingi kwenye damu, mjamzito na anayenyonyesha waseme kabla ya kuandikiwa.

Hatua ya tano: paka

Paka juu ya baka lenyewe, taratibu, mpaka mafuta yasionekane kama rundo. Usivuke mpaka wa baka, kwa kuwa ngozi isiyo na ugonjwa iliyo pembeni ndiyo inayowaka kwanza. Kisha osha mikono kwa sabuni, labda kama mikono ndiyo inayotibiwa. Watu husahau, wanajifuta uso, na kope zinavimba.

Kalsipotrioli haifai usoni, na kwenye makwapa na kinena huunguza wengi. Huko daktari anaweza kukupa kalsitrioli, ambayo ngozi laini huivumilia zaidi.

Kama unatibiwa kwa mwanga wa hospitali, paka baada ya mwanga, usipake kabla. Mionzi huivunja dawa, na mafuta mazito huzuia mwanga usiingie. Nyumbani nako usijianike juani ukiwa umepaka.

Na moto. Nguo, shuka na bandeji zilizolowa mafuta ya mgando au marhamu hushika moto upesi, na kuzifua hakuondoi mafuta yote. Anayepika kwa mkaa au kuni apake baada ya kupika, mikono ya nguo ikiwa imekunjwa. Aliyepaka asivute sigara, wala asikae karibu na anayevuta. Tyubu usiiache kwenye dashibodi ya gari wala dirishani. Kikomo cha joto la kuhifadhi dawa kimeandikwa kwenye boksi, na vyumba vingi vya Pwani hukipita mchana, kwa hiyo tafuta kona ya nyumba yenye ubaridi zaidi.

Hatua ya sita: steroidi ina nafasi yake

Sina ugomvi na steroidi. Nina ugomvi na kuitumia peke yake miaka nenda miaka rudi. Ikiunganishwa na kalsipotrioli, kila moja humpunguzia mwenzake dosari: steroidi hutuliza muwasho ambao kalsipotrioli huweza kuuleta, na kalsipotrioli huruhusu steroidi itumike kwa muda mfupi. Tyubu yenye zote mbili hupakwa mara moja kwa siku, kwa kawaida wiki 4, halafu daktari anaangalia. Usizichanganye mwenyewe kiganjani kwa kununua tyubu mbili, kwani mafuta ya dawa moja yanaweza kuivunja nyingine.

Kama umekuwa ukipaka steroidi kali kwa miezi mingi, usiikate siku moja. Soriasisi inaweza kurudi kwa hasira, hata kwa vipele vya usaha. Punguza kwa ratiba ya daktari. Ni vivyo hivyo, tena zaidi, kwa vidonge na sindano za steroidi.

Hatua ya saba: jua utakachokiona na lini

Wiki ya kwanza unaweza kuona muwasho na ngozi kuwaka kidogo. Kama ni kidogo, punguza hadi mara moja kwa siku, kisha rudi taratibu. Kama ngozi inachubuka, acha na urudi kliniki. Karibu wiki ya pili magamba huanza kupungua, na ukipitisha kidole utahisi baka limeshuka kabla jicho halijaona tofauti. Unene hutangulia kuondoka, rangi hufuata. Uamuzi kwamba dawa imekataa usifanywe kabla ya wiki 6 hadi 8 za kupaka kwa kipimo.

Kwenye ngozi nyeusi, baka likipona huacha alama, nyeusi zaidi au nyeupe zaidi ya ngozi ya pembeni, na alama hiyo hukaa miezi. Kama haina magamba na haijainuka, soriasisi haipo hapo tena. Usiendelee kuipaka dawa, na usikimbilie krimu za kung'arisha.

Kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, kufunga choo, kichefuchefu, uchovu na kuchanganyikiwa ni dalili za kalsiamu kupanda. Ni nadra kwa anayeheshimu kikomo. Ukiziona, acha kupaka, nenda ukapimwe damu. Ngozi ikiwa nyekundu au kuwaka mwili mzima pamoja na homa au kutetemeka, hilo ni la hospitali siku hiyohiyo.

Baka likiondoka

Soriasisi hurudi mahali palepale, na sababu inajulikana: kundi la seli T za kumbukumbu hubaki ndani ya ngozi hata ikionekana safi, zikiwa tayari kutoa interleukini-17 zikichokozwa. Hakuna dawa ya kupaka inayozifuta zote. Ndiyo maana madaktari wengi huwapa wagonjwa ratiba ya kulinda: kalsipotrioli siku za kazi, steroidi Jumamosi na Jumapili, kwenye sehemu zilizo na tabia ya kurudi. Muulize wako kama inakufaa. Andika pia tarehe ya kila baka linaporudi na kilichotangulia, kama koo lililouma, dawa mpya, mkwaruzo au msongo wa mawazo, na uende na karatasi hiyo kliniki. Ikiwa mabaka yanarudi mengi kuliko viganja kumi, au viungo vinauma na kukakamaa asubuhi, zungumzeni kuhusu methotreksati, dawa inayotuliza kinga ya mwili mzima, au tiba ya mwanga. Soriasisi ya viungo haitibiwi kwa marhamu, na kiungo kikishaharibika hakirudi kilivyokuwa.